Barua ya wazi kwa waliotuwekea vibao vya kuskani sokoni

Dar es Salaam

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni iliyotupatia vibao vya lipa namba
Meneja wa soko letu

Nakala: wafanyabiashara wenzangu, na wateja wetu wanaoskani

YAH: STIKA ZA MATAPELI JUU YA VIBAO VYETU VYA MALIPO

Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Meneja,

Kwa heshima na taadhima naomba mrejee malalamiko yangu ambayo mnayo tayari: simu nne nilizopiga huduma kwa wateja, safari mbili nilizofika kwenye duka lenu la huduma, na barua niliyoipeleka kwa mkono ofisi ya soko ikagongwa mhuri wa "imepokelewa". Wiki ya sita inaisha na mhuri huo ndio jibu pekee nililonalo, ndiyo maana leo naandika hadharani. Majina yenu sitayataja. Sina nia ya kumchafua mtu, na wenyewe mnajijua.

Mimi nauza nafaka, mwaka wa tisa sasa, kwenye mstari wa mchele na maharage. Wateja wananiita Mama Mchele, na nadhani nusu yao hawajui kama nina jina jingine. Naomba mlishike hilo, nitalirudia.

Jumamosi moja asubuhi alikuja mama lishe ambaye huchukua kwangu kilo kumi kila anapokuja. Akaskani kibao changu cha lipa namba, ile namba ya muuzaji ya kulipiwa kwa simu, akaweka namba ya siri, akacheka. "Mama Mchele, umeolewa kimyakimya? Mbona leo jina limekuwa la kiume?" Na mimi nikacheka. Kisha nikamwomba simu nione. Meseji ilisema amelipa shilingi 29,000 kwa mtu ambaye sijawahi kumsikia tangu nizaliwe.

Nikakishusha kibao kwenye msumari. Kwa macho kilikuwa kile kile, mraba wa QR na viboksi vyake vitatu vyeusi kwenye kona, lipa namba yangu chini yake. Nikapitisha ukucha pembeni mwa ule mraba, ukucha ukanasa. Kulikuwa na ukingo mwembamba kama wa lebo ya daftari. Nilipovuta ikatoka stika nzima, gundi bado inanata, na chini yake ukaonekana mraba wangu wenyewe, umepauka kwa jua. Mtu yule hakuigusa namba iliyoandikwa chini. Hapo nikajua nimepatikana na mtu mwenye akili zake. Wateja wanaobonyeza namba kwa vidole waliendelea kunilipa mimi, wanaoskani wakawa wanamlipa yeye. Hela haikukatika, ilipungua tu, na mimi nikawa najiambia mishahara haijatoka, watu hawana kitu.

Mtauliza kwa nini sikuona meseji. Laini ya lipa namba iko kwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe, ninachokiacha nyumbani, maana sokoni ukiwa na simu mbili mwizi anapata mbili. Kijana wangu wa dukani huangalia simu ya mteja, akiona imeandikwa "umelipa" anapima mchele. Hesabu naifanya Jumapili. Nakubali, hilo ni kosa langu na nimelirekebisha. Yanayofuata si yangu.

Wiki ile nilizunguka kwa wateja ninaowafahamu kuomba meseji zao. Ni aibu kumwomba mtu mzima akufungulie simu, lakini walinivumilia. Ikapatikana miamala 23, jumla shilingi 386,000. Wapita njia walioskani wakaenda zao sina hesabu yao. Na jioni ile ile ya Jumamosi tulipita mstari mzima kwa kucha zetu, tukabandua stika kwenye vizimba vingine vinne. Muuza dagaa alikuwa nayo kwa muda asioujua.

Hoja zangu ni hizi.

1. Jina linalotokea kwenye simu

Jicho la binadamu haliusomi msimbo wa QR. Mimi nikiwekewa yangu na ya mwizi mezani siwezi kuzitofautisha, na wewe Mkurugenzi pia huwezi. Mlango wa kumzuia mwizi ni ule mmoja tu, pale simu inapoonyesha jina la anayelipwa kabla mteja hajaweka namba ya siri.

Sasa tuone mlango huo mmeujengaje. Lipa namba yangu nilisajiliwa na kijana wenu wa mwamvuli, wakala wa usajili anayekaa pale getini, kwa muda usiozidi dakika kumi. Alipiga picha kitambulisho changu cha taifa cha NIDA, akaandika jina la kwenye kitambulisho, majina matatu. Nilimwambia aandike jina la duka lililoko kwenye bango. Akaniambia, "Hii haina shida, mama, hela inaingia." Kweli iliingia. Lakini tangu siku hiyo kila mteja wangu anaskani kwenye kizimba cha Mama Mchele na kuona jina asilolijua, anapita. Kwa jirani anaona jina la shemeji wa jirani, anapita. Dukani kwa fundi simu linatokea jina la mtu aliyemuuzia fundi hiyo biashara miaka iliyopita, anapita pia. Siku jina la mwizi lilipotokea, wateja 22 hawakushtuka, kwa sababu wamezoea jina lisilofanana na bango. Yule mama lishe alishtuka kwa vile ananilipa mara kwa mara.

Najua mtajibu kwamba mteja anatakiwa kusoma jina. Ndivyo alivyoniambia mpokea simu wenu, tena kwa upole. Sawa, asome. Alinganishe na nini? Mkiandika kwenye mfumo jina lililoko kwenye bango langu, hata mgeni aliyeshuka leo stendi ya Mbezi atajua kuna kasoro. Na wakati mnasajili, mtu wenu afike kwenye kizimba akione kwa macho. Lipa namba inayosema ni ya duka iwe na duka.

2. Mwenye muamala hana hasara, mwenye hasara hana muamala

Hili ndilo lililonikosesha usingizi kuliko hela yenyewe.

Nilipofika kwenu nikiwa na stika mkononi, binti wa kaunta alinisikiliza vizuri, akabonyeza kompyuta, akasema: "Mama, hii miamala si ya kwako. Inatakiwa mwenye simu aje alalamike mwenyewe." Nikamwambia mwenye simu ameshakula wali. Hakucheka, nami sikuwa natania. Mteja alilipa, akapewa kilo zake, akaondoka. Kwake hakuna kilichoharibika. Aache kazi zake apange foleni kulalamikia nini? Mimi niliyepoteza gunia zima sionekani popote kwenye mfumo wenu, kwa sababu hela haikuwahi kupita kwangu. Wizi wa aina hii umekaa katikati ya mteja na muuzaji, na pale katikati hamjaweka dirisha la kupokea malalamiko.

Nilikwenda polisi nikapewa RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa. Nikaambiwa nilete maelezo ya lipa namba ya mtuhumiwa. Kwenu nikaambiwa maelezo hayo hutolewa kwa barua ya polisi. Danadana hiyo nimeicheza mara mbili, nauli juu yangu.

Naomba sasa msome hili polepole. Siku ya tatu baada ya kuripoti kwenu, nilimwambia kijana wangu aiskani ile stika niliyoibandua na kulipa shilingi 500, kwa jaribio. Ikapokelewa. Siku ya tisa akajaribu tena shilingi 500. Ikapokelewa. Namba ya mtu niliyewaletea ushahidi wake mezani ilikuwa bado inakula.

Mtasema mkifunga lipa namba kwa kila malalamiko, watu watafungiana biashara kwa wivu. Hofu hiyo ina mantiki, soko nalijua. Lakini sijasema mumnyang'anye mtu hela kwa maneno yangu. Nasema mzuie utoaji kwa saa 24, mumpigie mwenye namba, mumwambie aje na kitambulisho aonyeshe duka lake liko wapi. Aliye halali atakuwa mlangoni kwenu kabla hamjafungua, tena anafoka. Mwenye stika hatakuja.

3. Kibao chenyewe

Huu msimbo tunaoutegemea kama kitasa haukutengenezwa kuwa kitasa. Ulibuniwa mwaka 1994 huko Japani, kwenye kitengo cha kampuni ya Denso ambacho leo ni Denso Wave, na mhandisi Masahiro Hara na wenzake, wakitafuta njia ya haraka ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Kiwandani hakuna anayebandika stika ya uongo juu ya boksi la breki. Sisi tumeuchukua tukautundika sokoni, penye mikono elfu, kwenye karatasi iliyofunikwa plastiki.

Na Benki Kuu ilipotoa kiwango cha TANQR mwaka 2022, ili mteja wa mtandao wowote aweze kumlipa muuzaji yeyote kwa msimbo wa aina moja, ilifanya jambo jema, mimi mwenyewe nililifurahia. Ila mjue na mwizi amerahisishiwa. Stika yake moja inavua samaki wa mitandao yote.

Wenzetu walishaliona hili zamani. China, ambako hata muuza mboga analipwa kwa kuskani, Benki Kuu yao iliweka kikomo kuanzia Aprili 2018: kwa msimbo wa karatasi usiobadilika, mteja asilipe zaidi ya yuan 500 kwa siku. Zaidi ya hapo muuzaji atumie njia iliyo salama zaidi, kama msimbo unaotengenezwa upya kwa kila muamala. India vibanda vya chai vina kispika kidogo mezani, hela ikiingia kinatamka kiasi kwa sauti. Mwizi akibandika stika yake hapo, kispika kinanyamaza, na muuza chai anajua kabla kikombe hakijapoa. Kwetu kispika kingekuwa neema, lakini hata bila kispika, kinawashinda nini kutuma meseji ya malipo kwenye namba mbili, ya mwenye duka na ya anayeuza? Niliuliza. Nikaambiwa "huduma hiyo itakuja". Kabla ya mvua gani, sikuambiwa.

4. Ofisi ya soko

Ndugu Meneja, sasa nageukia kwako. Jibu la mdomo nililopewa ofisini ni kwamba kibao si mali ya soko. Ni kweli. Lakini ushuru wa kila siku ninaoulipa ndani yake mna hela ya walinzi, na mtu aliyebandika stika tano kwenye mstari mmoja hakuzibandika saa tano mchana wateja wamejaa. Vizimba vyetu hufungwa kwa turubai, vibao vinabaki nje usiku kucha. Nilishauri mlinzi wa zamu avikague asubuhi kabla hatujafungua, nikaonekana naleta makubwa.

Kuna kubwa zaidi. Mwezi uliopita getini palibandikwa tangazo la "uhakiki wa vizimba", lenye nembo na mraba wa QR. Kijana wa viazi akaliskani, ukafunguka ukurasa ukimtaka namba ya simu, namba ya kitambulisho na namba ya siri "ili kuthibitisha". Bahati nzuri bando lilikata kabla hajamaliza. (Hii ni mara ya kwanza kumsikia mtu akilishukuru bando kwa kwisha.) Tulipouliza, ofisi ikasema tangazo si lake. Lilikaa pale siku nne, Ndugu Meneja. Wewe mwenyewe unapita getini hapo.

Mjini Austin, Texas, Januari 2022, walikuta stika za QR za matapeli kwenye mashine 29 za kulipia maegesho. Walizikagua mashine zote zaidi ya 900, na wakawatangazia wananchi jambo moja rahisi: jiji halitumii QR kwenye mashine zake, kwa hiyo ukiiona yoyote pale ujue ni ya wezi. Maneno hayo yanatosha, na hayana gharama. Na sisi tuambiwe. Kama ushuru unalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo tu, liandikwe bango kubwa getini kwamba soko hili halina QR ya ushuru, wala ya choo, wala ya uhakiki. Kama ipo, ziorodheshwe zilipo, tujue hizo ni zenu na nyingine tuchane.

5. "Kuwa makini"

Kila wiki napokea meseji inayoniambia niwe makini na matapeli na nisimpe mtu namba ya siri. Asanteni. Meseji za kitapeli tumeelekezwa kuzituma 15040, na tunazituma. Stika tuitume wapi? Hata kwa laini za simu, nikibonyeza *106# naona zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Nani atanionyesha lipa namba zilizofunguliwa kwa kitambulisho hicho hicho, ambacho kijana wa mwamvuli alikipiga picha kwa simu yake mwenyewe?

Wenzangu wa sokoni, wakati tunasubiri: chukueni maka peni nyekundu mchore mstari unaoanzia kwenye plastiki ya kibao, upite kwenye ile kona ya mraba isiyo na kiboksi cheusi hadi upande wa pili. Mraba bado utasomeka, QR huvumilia kuchafuliwa kidogo, jaribuni kabla hamjatundika. Stika ikija juu yake, mstari unakatika na mnaona kwa mbali. Kibao kiingie ndani jioni pamoja na mizani. Na msikubali anayesema "skani hapa uingiziwe hela". Kupokea hela hakuhitaji namba yako ya siri hata siku moja.

Ninachoomba, kwa ufupi. Kwako Mkurugenzi: jina la bango liwe ndilo jina la kwenye simu ya mteja, kuanzia na vizimba vitano vilivyobandikwa, kuwe na dirisha la malalamiko ya muuzaji asiye na muamala, utoaji kwenye lipa namba iliyoripotiwa kwa ushahidi uzuiwe siku hiyo hiyo, meseji ya malipo ifike kwa anayeuza, na nipewe majibu ya maandishi kuhusu ile namba, nani aliisajili na imefungwa lini, kama imefungwa. Hela yangu nimeiweka mwisho makusudi, lakini nayo naidai. Kwako Meneja: bango getini, na mlinzi apite kwenye vibao kila asubuhi.

Nawapa siku 14 kuanzia leo. Mstari wa nafaka na dagaa tumekaa tukakubaliana kwamba zikipita bila jibu, vibao vyenu vyote vitageuzwa vitazame ukuta na tutarudi kwenye keshi. Makato yenu ya kila muamala mtayatafuta kwingine. Mimi changu nimeshakigeuza. Ninajua keshi nayo ina wezi wake, lakini hao angalau nawaona uso.

Ile stika ninayo bado, kwenye bahasha ya kaki chini ya mizani. Wiki sita zimepita na hakuna aliyeomba kuiona.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama Mchele
Mstari wa nafaka